Mti nao una kwao: Mbegu nilizookota kwenye mavi ya mbuzi

Februari 2023 nilimkuta mjomba amekaa juu ya jiwe nje ya boma lake, upande wa Sigor, anatazama mbuzi watatu. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa kumi na tisa. Hao watatu walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, shingo zimenyooka, wanajaribu kufikia majani ya kichaka kimoja kilichokuwa bado na rangi ya kijani. Ng'ombe usiulize. Wawili walikufa, wa tatu aliuzwa kwa bei ya kutupa kabla naye hajafa.

Mimi nilikuwa nimetoka Kapkatet asubuhi hiyo. Kama hujawahi kufika, Kapkatet ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, ukishapita Litein. Chai kushoto, chai kulia, ukungu asubuhi, mvua ya mchana. Ukiwaambia watu wa kwetu kuna ukame watakuuliza, "Wapi, Turkana?" Lakini panda matatu hadi Kaplong, shika ya Bomet, kisha tafuta boda ya kukuteremsha Chepalungu. Ndani ya saa chache chai imeisha, nyasi imekuwa rangi ya karatasi ya kufungia nyama, na watu wanapanga foleni ya maji. Ni Wakipsigis wale wale, majina yale yale, ila mvua ni tofauti kabisa.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano kabla. Karo ilikataa, stori ni ndefu na haina mtu wa kulaumiwa zaidi ya pesa. Nilikuwa naishi kwa kogo, yaani nyanya yangu, naandika blogu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Msoto safi. Kwa hivyo mjomba aliponiuliza, "Wewe uliyesoma, tutafanyaje?" nilisikia aibu, kwa sababu sikuwa nimesoma sana na sikujua tutafanyaje.

Nilichofanya ni kile ambacho kila mtu wa umri wangu angefanya. Nilitoa simu.

Kitu cha kwanza kuniletea ilikuwa video za wazee wa Texas wakiotesha vichaka kwa ajili ya ayala. Si utani. Kule Marekani mwenye shamba hupanda au kutunza vichaka vya asili ili kiangazi kikibana ayala wapate majani. Hapa kwetu ayala tunamjua kwa Zaburi tu. Kenya hatuna ayala wa porini, tuna swala, paa, kulungu, tandala, pofu, digidigi, na hawa wote ni ukoo mwingine. Lakini wazo likanikaa kichwani: mtu anapanda kichaka, si nyasi, na anachagua kichaka cha hapo hapo.

Wanyama wanaokula mimea wana mitindo miwili mikubwa. Ng'ombe, nyumbu na punda milia huinamisha kichwa wakala nyasi. Twiga, tandala, digidigi na swala twiga hula majani, machipukizi, maua na maganda ya miti. Swala twiga ukimwona Samburu au Tsavo amesimama wima kwa miguu miwili utadhani anataka kukuambia kitu. Mbuzi yuko karibu zaidi na hili kundi la pili, ingawa nyasi nzuri haikatai. Sasa nyasi ina mizizi mifupi. Mvua ikikosa inakauka, na protini yake inaporomoka, ng'ombe anajaza tumbo bila kupata kitu. Mgunga mizizi yake imeshuka chini sana. Utakuta udongo umepasuka na mgunga bado una majani, na maganda yake mara nyingi hudondoka wakati ule ule wa kiangazi ambapo hakuna kingine. Digidigi anaweza kukaa muda mrefu bila kwenda mtoni, maji yake anayapata kwenye majani na umande.

Novemba 2022 serikali ilitangaza hesabu ya wanyamapori waliokufa kwa ukame ndani ya miezi tisa: tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, twiga 12. Niliiangalia ile orodha nikaona wala nyasi wamejaa juu. Najua, usinirukie, nyumbu ni wengi kuliko twiga, hiyo peke yake haithibitishi kitu. Lakini mjomba aliposikia alisema jambo ambalo sikulitegemea: "Hata hapa digidigi hawakufa. Ng'ombe walikufa, mbuzi wakafuata. Digidigi bado nawasikia usiku kwenye korongo."

Korongo ndilo lilikuwa na vichaka vya mwisho. Kwingine kote mjomba na majirani walikuwa wamekata migunga kwa ajili ya makaa. Yeye mwenyewe aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba mwaka 2019 alikata mikubwa minne akalipia karo ya binti yake. Hakusema anajuta. Alisema tu ilikuwa minne.

Basi nikarudi Kapkatet na mpango. Ningeotesha miche ya miti ya malisho kwa kogo, ambako maji yapo, halafu niishushe Sigor mvua ikianza. Nilisoma kuhusu mukau, ule mti wa Ukambani. Kusema kweli mukau ni mti wa maana. Ni wa Afrika Mashariki, unavumilia ukame, mbao yake inasifiwa, na mwisho wa kiangazi wakulima wa Kitui na Mwingi hukata matawi wakawapa mbuzi na ng'ombe. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia Kitui kwa miaka mingi pamoja na Wajapani. Nikasema huu ndio. Ni wa kwetu!

Nilinunua mbegu kwa jamaa wa mtandaoni. Zilikuja zikiwa kokwa nzima, ngumu kama kokoto. Nikazifukia kwenye pakiti za maziwa zilizojazwa udongo wa Kapkatet, nikamwagilia, nikapiga picha, nikaandika blogu yenye kichwa cha kujigamba ambacho nimeshakifuta. Wiki nane hakuna kilichotoka. Nikafukua. Kokwa zilikuwa zimeoza.

Baadaye ndipo nikajua kokwa ya mukau inatakiwa ipasuliwe kwa uangalifu, mbegu itolewe, ikwaruzwe ngozi na kulowekwa, na mahali pawe na joto. Kuotesha mukau kulisumbua hata wataalamu. Mimi nilikuwa nimeupeleka mti wa joto la Kitui kwenye baridi na matope ya nchi ya chai, nikatarajia ushukuru.

Jaribio la pili lilikuwa kaliandra. Huu sikuutoa mbali, kogo alikuwa nao kando ya ua. Kaliandra asili yake ni Amerika ya Kati, na utafiti wake mkubwa hapa Kenya ulifanyika Embu miaka ya 1990. Kilo tatu za majani mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na vichaka kama 500 vinamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Unaukata ukifika mita moja, unachipua tena. Kwa kogo unafanya kazi fiti kabisa na sitamwambia mtu yeyote wa Kapkatet aung'oe eti si wa asili. Hata chai si ya asili. Mikaratusi inayochomwa kwenye viwanda vya chai ni ya Australia. Tungeanza kufukuza mimea ya kigeni Kericho tungebaki na barabara.

Lakini nilipopeleka miche thelathini ya kaliandra Sigor, mvua ilichelewa wiki tatu tu, na ikafa ishirini na sita. Kaliandra inataka mvua. Mjomba aliiangalia ile minne iliyobaki akaniita "mwalimu wa Google". Jina limekwama hadi leo.

Kuna jirani mmoja aliyenishauri nijaribu mathenge. Unajua mathenge? Ule mti wa miiba uliojaa Marigat na kandokando ya Ziwa Baringo. Uliletwa kutoka Amerika ya Kusini na Kati, na Baringo ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Ulistawi, tena ukapitiliza. Ukavamia malisho. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, lakini ile sukari inakwama kwenye meno hadi yanaoza. Wailchamus walienda mahakamani mwaka 2006 kuishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa Nairobi kama ushahidi. Mbuzi, kortini, hana meno. Watu walicheka sana, ila fikiria mfugaji anayemtazama mbuzi wake akifa njaa katikati ya majani.

Na Baringo hiyo hiyo kuna kisa kingine. Mwaka 2011 twiga walirudishwa kwenye hifadhi ya jamii ya Ruko, kwenye rasi ya Longicharo. Maji ya ziwa yakapanda, rasi ikawa kisiwa, chakula kikapungua, na walinzi wakawa wanawapelekea maganda ya miti kwa mashua. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 twiga wakavushwa mmoja mmoja kwenye chombo kilichoelea juu ya mapipa. Nikisoma hicho kisa huwa nawaza kazi ya kuokota maganda ya kumshibisha twiga, mkono kwa mkono. Mti ungekuwa hapo, hakuna ambaye angeokota.

Aliyenitoa kwenye shimo ni kogo. Nilikuwa nimekaa jikoni nikilalamika kuhusu mbegu na bei zake. Kogo, ambaye hasomi blogu yangu wala ya mtu mwingine, akaniuliza, "Mbuzi wa mjomba wako wanalala wapi?"

Nikamwambia bomani.

"Na wanapokula maganda, mbegu zinaenda wapi?"

Manze, nilinyamaza. Wiki iliyofuata nilikuwa Sigor nimepiga magoti kwenye boma la mbuzi na kijiti, nachambua mavi makavu. Mbegu za mgunga zilikuwa mle, za kahawia, zinang'aa, kumbe tumbo la mbuzi halizivunji. Linalainisha ganda la mbegu, na linaua wale wadudu wanaotoboa mbegu kutoka ndani. Mbuzi hutafuna usiku tena kile alichokula mchana, kwa hivyo nyingine huzitema hapo hapo anapolala. Nilipata mbegu kama 200 kwa siku mbili. Bei yake: mgongo kuuma na watoto wa jirani kunicheka.

Ilikuwa mbegu ya pale pale, kutoka kwa migunga michache iliyobaki korongoni, mizee iliyopitia kila ukame tangu mjomba akiwa mtoto. Nilizimwagia maji ya moto yaliyoshuka kidogo kutoka kuchemka, nikaziacha zilale humo hadi asubuhi. Zilizovimba nikazipanda. Zilichipua 83. Nyingine tuliongeza: mkole, kile kichaka cha matunda madogo tulichokula tukiwa watoto, na leleshwa kutoka upande wa Narok. Pia sesbania, ambao Wajaluo wanauita asao. Huu ni wa kwetu, unakua kwa fujo, mwaka mmoja unampita mtu urefu, ingawa hauishi miaka mingi. Nilitaka na senetwet, ule wa mkaa wa mursik, kogo akacheka hadi akakohoa. Senetwet mifugo huupita tu. Ni wa kibuyu.

Kwa nini aina nyingi? Afrika Kusini, miaka ya 1980, tandala walikufa kwa maelfu kwenye mashamba yaliyozungushiwa ua. Mtafiti Wouter van Hoven alieleza kwamba tandala walibanwa wakala migunga ile ile kupita kiasi, na mgunga ukiliwa sana huongeza tanini, ile dawa chungu inayokausha ulimi ukinywa chai kali. Kiasi kidogo hakidhuru. Kikizidi tumbo linashindwa kumeng'enya. Mnyama aliye huru huonja hapa, akasogea pale. Mbuzi wa mjomba wakifunguliwa hawakai kwenye kichaka kimoja dakika nyingi, na sasa najua kwa nini.

Tulipanda Aprili 2024, zile wiki za mafuriko. Mvua iliyokuwa ikibeba nyumba Nairobi, Sigor ilitupa nafasi ya kupanda bila kumwagilia hata tone. Tulichimba mashimo ya nusu mwezi kwenye mteremko ili maji yasimame. Wiki ya tatu mbuzi walitoroka wakala miche ishirini mchana mmoja. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna video inayokuambia. Kuotesha ni wiki chache, kulinda ni miaka miwili. Tulizungushia matawi ya miiba kila mche, na mjomba akawa anazunguka jioni kama askari wa benki.

Wakati wote huo hatukuwa tumekubaliana jambo moja. Mimi nilitaka mstari wa nje, ule wa karibu na korongo, uachwe kwa digidigi na paa. Mjomba alinitazama kama nimeingiwa na wazimu.

"Digidigi ananilipa nini?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu. Yule mzee wa Texas anapanda kwa sababu wawindaji watamlipa. Sisi uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Ukikutwa na nyama ya digidigi ni kesi. Kule Mara kuna wenye ardhi wanaolipwa kodi na kambi za watalii, lakini hakuna mtalii anayekuja kupiga picha korongo la mjomba. Mnyama ni wa serikali, majani ni ya mjomba, na hasara ni ya mjomba. Mtu akikuambia hifadhi ni mapenzi tu, muulize anaishi wapi.

Nilijaribu kumwambia kuhusu Turkana. Kando ya mto Turkwel familia zina haki ya vipande vya migunga, wanaita ekwar. Hakuna hati wala ua, lakini kila mtu anajua maganda ya pale ni ya nani kiangazi kikifika, na hukati mti wa mwenzako. Hilo alilipenda. Alilipenda kwa sababu lilimpa nguvu: "Basi hii ni ekwar yangu." Nilikuwa nimejifunga bao.

Suluhisho hakulitoa yeyote kati yetu kwa busara. Lilitoka kwa panga. Mwaka jana kiangazini sesbania na mikole ilikuwa imefika kifuani, na mjomba akaanza kukata. Alikata kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu hakutaka kuinama, mgongo wake mbaya. Matawi ya chini yalibaki. Yakachipua.

Digidigi hafiki kiunoni. Urefu wake begani ni kama sentimita 40. Kile mjomba alichokiacha kwa uvivu ndicho kimo chake hasa.

Siku hizi niko Nairobi, naandika vitu vya watu kwa malipo ya kila neno, lakini Februari huwa nashuka. Mwaka huu mbuzi walikuwa kumi na moja. Kiangazi kilikuwepo, majirani wawili walikuwa wameshaanza kununua nyasi kavu kutoka juu, na mjomba alikuwa hajanunua. Migunga bado ni midogo, imefika magotini, mingine inazidi kidogo. Itachukua miaka kabla haijatoa ganda. Katika ile 83, hai ni 41, nilihesabu mara mbili.

Tulitembea hadi mstari wa nje. Chini ya mkole kulikuwa na lundo la vinyesi vidogo vyeusi, kama mbegu za pilipili manga, kavu chini na mbichi juu. Digidigi wana tabia hiyo, wanarudi mahali pamoja kila siku, ni kama mpaka wao. Lundo lilikuwa kubwa. Hawakuanza jana.

Mjomba alilitazama, akaligusa kwa ncha ya fimbo.

"Hawa wanadhani pia ni ekwar yao," akasema.

Kisha akaniuliza kama mbegu za humo nazo zinaota.